Mbio za Milimani Huanzia Jikoni

Katika Bugendana, mkoani Gitega, nchini Burundi, nyumba hazikusanyiki pamoja kama ilivyo katika vijiji vya nchi tambarare. Kila jamaa hukaa juu ya kilima chake, nyumba imezungukwa na migomba, na mashamba ya maharage na viazi vitamu yanateremka kuelekea bondeni. Huko bondeni ndiko yaliko maji. Mtoto anayetumwa maji hushuka akiwa na dumu tupu, kisha hupanda akiwa na dumu lililojaa. Kilima chenye kimo cha mita 100 kikipandwa mara mbili kila siku, kwa siku 30 mtoto huyo amepanda mita 6,000, yaani kupita kimo cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Amefanya hivyo bila ya kutoka kwao, wala hakuna aliyempigia makofi.

Kupanda huko huitwa kazi. Kwingineko duniani watu hujiandikisha na kulipa fedha ili wapande na kushuka milima kwa miguu yao, siku baada ya siku, na jambo hilo huitwa mchezo. Mchezo huu wa kukimbia milimani kwa siku nyingi umeenea sana tangu mwanzo wa karne hii. Umewafundisha madaktari na wakimbiaji mambo mengi juu ya mwili wa binadamu, na sehemu kubwa ya mambo hayo mama wa nyumbani anaweza kuyatumia, hata kama hakusudii kukimbia hatua moja.

MCHEZO WENYEWE

Mbio zilizo maarufu kuliko zote za aina hii huuzunguka mlima Mont Blanc, zikipita Ufaransa, Italia na Uswisi. Urefu wake ni kilomita zipatazo 170, na jumla ya kupanda ni mita zipatazo 10,000. Zilipofanywa kwa mara ya kwanza, mwaka 2003, zaidi ya watu 700 waliondoka mstarini, lakini mvua na baridi ziliwarudisha nyuma wengi mno, na waliofika mwisho walikuwa 67 tu. Mshindi alikuwa Dawa Sherpa, mzaliwa wa milima ya Nepal.

Yako mashindano makali zaidi ya hayo. Katika bonde la Aosta, kaskazini mwa Italia, tangu mwaka 2010 hufanywa mbio za kilomita zipatazo 330. Kupanda kwake, kukijumlishwa, hufika mita 24,000, sawa na kuupanda Kilimanjaro mara nne kuanzia usawa wa bahari. Mkimbiaji hupewa saa 150, yaani siku sita na saa sita, na ndani ya muda huo hujipangia mwenyewe wakati wa kwenda, kula na kulala.

Afrika Mashariki nayo ina mabingwa wake. Simon Mtuy, mzaliwa wa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda hadi kilele cha mlima huo na kushuka bila ya msaidizi yeyote kwa muda wa saa zipatazo tisa na dakika ishirini. Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ekwado alipanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Lakini Mtuy hakukomea kwenye kilele. Alianzisha pia safari ya mbio za siku kadhaa kuuzunguka mlima kwa njia za vijijini, katikati ya migomba na mibuni, ambako wakimbiaji hulala na kuamka wakaendelea. Anayeifahamu Bugendana hatashindwa kuzitambua njia za namna hiyo.

MWENYE HARAKA HAFIKI

Jambo la kwanza linalomshangaza mtazamaji mgeni ni kwamba wakimbiaji hawa, mlima unapokuwa mkali, hutembea. Hata mabingwa hutembea. Huinama kidogo, huweka mikono juu ya mapaja, na hupanda kwa hatua fupi zisizobadilika. Sababu yake ni nyepesi. Kukimbia mlima mkali kunamaliza pumzi na nguvu nyingi, na muda unaopatikana ni mchache. Aliyejichosha asubuhi atalipa jioni, na wa siku ya kwanza atalipa siku ya tatu. Wahenga walikwisha sema kwamba mwenda pole hajikwai.

Watu wengi hudhani kwamba taabu yote iko katika kupanda. Ukweli ni kwamba kushuka ndiko kunakoumiza zaidi. Mtu anaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikinyooshwa wakati uleule inapokaza. Kazi hiyo huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli, na maumivu yake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo mkimbiaji mwenye busara hushuka kwa hatua fupi na magoti yaliyolegea kidogo. Aliyebeba mzigo wa kuni au dumu la maji afanye hivyohivyo, kwa kuwa magoti yake hayana tofauti na ya mkimbiaji.

Milima iliyo mirefu sana ina hatari nyingine. Kupita mita 2,500 hewa huwa nyepesi, na wengine hushikwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Juu ya kilele cha Kilimanjaro nguvu ya hewa hubaki karibu nusu ya ile ya pwani. Ndiyo maana wapandaji wa kawaida hutumia siku tano hadi nane. Inashauriwa kwamba, kupita mita 3,000, mtu asilale mahali palipo juu ya alipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na akizidiwa ashuke mara moja. Mji wa Gitega uko kwenye mita zipatazo 1,500, na mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote Burundi, haufiki mita 2,700. Hivyo wakazi wa Bugendana wamepata bahati ya kuwa na vilima vya kuwajengea pumzi bila ya hatari hiyo.

CHAKULA NA MAJI

Mwili huweka akiba ya wanga ndani ya misuli na ini. Akiba hiyo humtosha mtu kwa saa moja na nusu hadi mbili za kukimbia kwa nguvu. Ikiisha, miguu huwa mizito, akili huchoka, na mtu hukata tamaa ghafla bila ya kujua kilichompata. Dawa yake ni kula kabla ya njaa. Wakimbiaji hushauriwa kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi moja mbivu ya ukubwa wa kadiri ina gramu zipatazo 25. Maana yake ni kwamba ndizi mbili kwa saa zinaweza kumwendesha mtu mlimani, na ndizi Bugendana hazipungui.

Hata hivyo mwili hauishi kwa utamu peke yake. Kila jioni ya safari misuli iliyochanika huhitaji kujengwa upya, na mjenzi wake ni protini. Sahani ya maharage pamoja na ugali au viazi vitamu, karanga zilizotwangwa, na mboga za majani, hutimiza haja hiyo vizuri. Asubuhi, uji wa ulezi au wa mtama uliotiwa sukari na maziwa humpa msafiri mwanzo mwema. Wanaofika vituoni katika milima ya Ulaya hupewa supu, viazi, mkate na chai yenye sukari. Hakuna katika vyakula hivyo hata kimoja ambacho jiko la Bugendana halina kilicho sawa nacho.

Kuhusu maji, yako makosa mawili. La kwanza linajulikana: kutokunywa mpaka kiu kikaushe koo. La pili halijulikani sana: kunywa maji matupu kwa wingi kupita kiasi kwa saa nyingi. Maji hayo huipunguza chumvi ndani ya damu, na mtu huweza kuvimba mikono, kuchanganyikiwa, hata kupoteza maisha. Kwa safari ndefu mtu anywe kwa kadiri ya kiu yake, na ale pia vitu vyenye chumvi. Kwa mwenye kuharisha njiani, mchanganyiko unaojulikana na akina mama wengi ndio msaada wa kwanza: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Chumvi isizidishwe, na akizidi kudhoofika apelekwe zahanati.

MIGUU, BARIDI NA USINGIZI

Mbio nyingi za siku kadhaa hazikomeshwi na moyo wala mapafu. Hukomeshwa na lengelenge lisilozidi ukubwa wa sarafu. Ngozi iliyolowa hulainika, ikasuguliwa na kiatu, ikavimba. Basi kabla ya kuondoka, vidole na visigino vipakwe mafuta ya mgando. Kiatu kizidi mguu kidogo kwa mbele, kwa kuwa miguu huvimba jioni. Kila mapumziko marefu soksi zivuliwe, miguu ioshwe na kukaushwa hata katikati ya vidole. Lengelenge dogo lisitumbuliwe, na lililopasuka lioshwe kwa sabuni na kufunikwa kwa kitambaa safi.

Adui wa pili ni baridi, na mtu asidhani kwamba baridi huua kwenye theluji tu. Tarehe 22 Mei, 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Wengi walivaa nguo nyepesi. Adhuhuri ikaja mvua ya mawe pamoja na upepo mkali, joto likashuka ghafla, na watu 21 wakafa. Wengine sita waliokolewa na mchungaji mmoja wa kondoo, aliyewaingiza katika pango na kuwawashia moto. Mabingwa walikuwa na mbio, lakini mchungaji ndiye aliyekuwa na moto na nguo kavu. Mwenye kupita vilima vya Burundi katika miezi ya mvua kubwa, hasa Machi na Aprili, asiache koti la mvua na fulana kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akianza kutetemeka na ulimi kuwa mzito, asisubiri hata dakika moja, bali aingie nyumba ya karibu.

Adui wa tatu ni kukosa usingizi. Wakimbiaji waliokesha usiku wa pili hueleza kwamba waliona watu wasiokuwapo, na mawe yakageuka wanyama. Huo si uchawi. Ni ubongo unaodai haki yake. Hata usingizi wa dakika 20 hurudisha fahamu, na usingizi wa usiku kucha hurudisha mengi zaidi. Mwanafunzi anayekesha na mama anayelea mtoto mchanga wanaijua hali hiyo, nao hawana budi kupatiwa nafasi ya kulala mchana.

MAMA ALIYEWATANGULIA WANAUME

Mwezi wa Januari, 2019, mwanamke Mwingereza aitwaye Jasmin Paris alishiriki mbio za vilima vya Pennine, kutoka Uingereza hadi mpakani mwa Uskoti, umbali wa kilomita zipatazo 430 katikati ya majira ya baridi. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa kike wa miezi 14 ambaye alikuwa bado akinyonya. Katika vituo vya mapumziko alikamua maziwa, akala, akaendelea. Alimaliza kwa saa 83 na dakika 12, akawatangulia wanaume wote, na akawa mwanamke wa kwanza kuyashinda mashindano hayo moja kwa moja.

Habari hii isichukuliwe kuwa ni amri kwa kila mama kukimbia. Inachoonyesha ni kwamba uzazi hauondoi nguvu za mwanamke, mradi apatiwe chakula, usingizi na mtu wa kumshikia mtoto. Mama huyo alikuwa na watu nyuma yake. Mama wa Bugendana, apandaye kilima na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, mara nyingi hana. Akifika juu hukuta moto haujawashwa, na yeye ndiye anayengojewa auwashe.

VILIMA VILIVYOWAHI KUKIMBIWA

Tofauti hiyo ya kuwa na msaada au kutokuwa nao, Bugendana inaijua kwa uchungu kuliko mahali pengi. Warundi wamekwisha kuvuka vilima vyao kwa siku nyingi, tena bila ya kupenda. Mwaka 1972, na tena kuanzia Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu walipita njia za miguu wakielekea Tanzania, wakiwamo waliopita Muyinga na kuvuka mpaka wa Kobero kuingia Ngara. Hao walitembea usiku na kujificha mchana. Miguu yao ilivimba kama ya wakimbiaji, walishikwa na baridi kama wakimbiaji, na usingizi uliwapotea kama wakimbiaji. Ila hapakuwa na supu wala chai iliyowangoja mbele, na nyuma hapakuwa na mlango wa kurudia.

Bugendana yenyewe ilipokea watu waliokimbia makwao ndani ya nchi. Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Atlanta, Marekani, tarehe 19 Julai, 1996. Tarehe 20 Julai kambi ya Bugendana ilishambuliwa, na zaidi ya watu 300 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Majuma mawili baadaye, tarehe 3 Agosti, Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5,000 huko Atlanta na kuipatia Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ikawa ya dhahabu. Nafasi yake katika mita 1,500, ambazo ndizo alizozizoea, alikuwa amemwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amekosa michezo ya awali kwa kuwa Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Wakati watu wengi nyumbani walikuwa wakikimbia ili waishi, Mrundi mmoja alimpisha mwenzake ili naye akimbie.

Yuko na mwingine. Gilbert Tuhabonye alikuwa mwanafunzi wa Kibimba, mkoani humohumo Gitega, na mkimbiaji hodari, mauaji yalipotokea shuleni hapo Oktoba 1993. Alinusurika akiwa na majeraha makubwa ya moto. Baadaye alikwenda Marekani, akarudi kwenye mbio na kuwa mkufunzi wa wakimbiaji katika mji wa Austin. Kwa msaada wa wakimbiaji hao ulianzishwa mfuko wa kupeleka maji safi vijijini Burundi. Maana yake ni kubwa kwa mtoto mwenye dumu. Maji yakisogea karibu na nyumba, kilima huacha kuwa adhabu, na miguu iliyokuwa ya kazi hupata nafasi ya mchezo na ya shule.

LILILO MKONONI MWA NYUMBA

Siku moja binti atamwambia mama yake kwamba anataka kukimbia vilima. Mzazi asiharakishe kumkemea. Akumbuke kwamba Francine Niyonsaba, aliyepata medali ya fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016, alizaliwa katika vilima vya Ruyigi. Mzazi aulize maswali ya nyumbani. Je, binti huyu anakula chakula cha kutosha kulingana na kazi anayofanya? Analala saa ngapi? Kaka zake wanachota maji siku ambayo yeye amechoka? Akikosa hedhi kwa miezi kadhaa tangu aanze mazoezi, na hana mimba, hiyo ni dalili kwamba pengine mwili hupata chakula kidogo kuliko unavyotumia, na inafaa aonwe na mganga.

Aanze kidogo. Kilima kimoja leo, viwili juma lijalo, na siku moja ya kupumzika kati ya siku ngumu. Baada ya miezi mingi ya kuzoea, wakati wa kiangazi kati ya Juni na Agosti, vijana wenye mtu mzima wa kuwaongoza wanaweza kwenda kwa siku tatu au nne kutoka Bugendana kupitia Karuzi hadi Muyinga, wakitembea penye kupanda na kukimbia penye tambarare, na kila jioni wakifikia kwa jamaa anayejua kuwa wanakuja. Waende pamoja, waseme watapita wapi, na mmoja akiumia wote wasimame.

Njia hizo ni zilezile ambazo wazazi na mababu zao walizipita kwa hofu. Kijana atazipita akiwa na ndizi mfukoni na soksi kavu, na mbele yake yupo shangazi aliyekwisha injika maharage. Kilima hakikubadilika kimo chake. Kilichobadilika ni kwamba huyu ana chakula, ana mahali pa kulala, na ana nyumba ya kurudia. Nyumba inayompa mtoto wake mambo hayo matatu imekwisha kumpandisha nusu ya mlima, na nusu iliyobaki ataipanda mwenyewe.